Nani Alilipia Sinema ya Bure? Jibu kwa Mwalimu wa Historia wa Moshi

Mwalimu mmoja anayefundisha historia katika shule ya sekondari hapa Moshi ameniandikia swali ambalo nalifupisha hivi. Wanafunzi wake walipotumwa kuwahoji wazee wa vijijini kwao, wengi walirudi na habari za gari la serikali lililokuwa likija jioni kuonyesha sinema ya bure, mara ya kilimo, mara ya minyoo, mara ya malezi ya watoto. Anataka kujua filamu hizo zilianzia wapi, kwa nini serikali iingie gharama ya kutengeneza sinema, na kama zinafaa kutumiwa darasani au ni propaganda ya kuachwa ilipo.

Mwalimu, naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo litakaloongoza mengine. Filamu hizo zinafaa sana darasani. Hata hivyo, mwanafunzi anayeziendea akitafuta uongo atachoka mapema, kwa kuwa sehemu kubwa ya kinachoonekana humo ni kweli: safura kweli huingia mwilini kupitia nyayo za mtu atembeaye peku, udongo wa mlimani kweli huchukuliwa na mvua usipokingwa, na mkahawa kweli hustawi chini ya kivuli cha mgomba. Mkono wa aliyelipa unaonekana zaidi katika mambo yaliyoachwa nje ya picha. Ningependa wanafunzi wako wafundishwe kuyatafuta hayo, na historia ninayokueleza hapa nimeipanga kwa kusudi hilo.

Desturi ya serikali kugharimia filamu za hali halisi ilipevuka kati ya vita viwili vikuu vya dunia. Urusi ya Kisovieti ilitangulia, kwani amri ya Lenin ya Agosti 1919 iliitaifisha sinema, na treni zenye mitambo ya kuonyeshea filamu zikapelekwa mikoani kuwaeleza wananchi maana ya mapinduzi. Uingereza ilipita njia nyingine. Mwaka 1926 iliunda Bodi ya Masoko ya Himaya, chombo cha serikali kilichopewa kazi ya kuwashawishi watu wanunue mazao ya nchi zilizokuwa chini ya himaya yake. Ndani ya bodi hiyo Mskoti mmoja, John Grierson, akiungwa mkono na katibu wa bodi, Stephen Tallents, alianzisha kitengo cha filamu, na mwaka 1929 akatoa filamu ya Drifters iliyowahusu wavuvi wa Bahari ya Kaskazini. Bodi ilipovunjwa mwaka 1933 kitengo kilihamishiwa idara ya posta, na mwaka 1940, katikati ya vita, kikaitwa Crown Film Unit. Grierson mwenyewe alikwenda Kanada, na mwaka 1939 akawa kamishna wa kwanza wa bodi ya filamu ya taifa hilo, ambayo hadi leo ipo. Wanafunzi wako, ambao wengi wao ni wajukuu wa wakulima wa kahawa, waelezwe kwamba mkondo huo mashuhuri wa utengenezaji filamu ulizaliwa ndani ya ofisi iliyokuwa ikitafutia mazao soko.

Marekani nako, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, serikali iliingia katika kazi hiyo. Mwaka 1936 Pare Lorentz, aliyekuwa mhakiki wa sinema, alitengeneza The Plow That Broke the Plains kwa fedha za wakala wa serikali aliyeshughulikia kuwahamisha na kuwasaidia wakulima maskini. Filamu hiyo inaonyesha jinsi nyanda za majani zilivyolimwa ngano kupita kiasi, bei nzuri ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ikichochea ulimaji huo, mpaka ardhi ikageuka vumbi. Makampuni makubwa ya Hollywood hayakutaka kuisambaza, na baadhi ya wanasiasa wa majimbo yaliyoonyeshwa walikasirika. Naitaja kwa sababu itakufaa kulinganisha: serikali hiyo, pamoja na nia yake ya kujisifia mpango wake, ilikubali kusema hadharani kwamba soko na vita vilichangia kuiharibu ardhi. Kumbuka jambo hilo tutakapofika kwenye filamu za mmomonyoko zilizotengenezwa huku kwetu.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa ndipo penye kiini cha swali lako. Mwanzo wa filamu hizi katika Afrika Mashariki hauko mbali na Moshi. Ukishuka kwa barabara ya Tanga hadi Korogwe, kisha ukapanda Usambara, unafika Vugiri, mahali palipokuwa makao ya jaribio lililoendeshwa kuanzia 1935 hadi 1937, lenye lengo la kuona kama sinema ingeweza kuwafundisha Waafrika wa vijijini. Fedha nyingi zilitoka kwa shirika la Carnegie la New York, Baraza la Kimataifa la Wamisionari likasimamia, na serikali za Tanganyika, Kenya na Uganda zikashirikiana nalo. Wakuu wake walikuwa wawili: Meja L. A. Notcutt aliyeshughulikia utengenezaji, na G. C. Latham, aliyewahi kuongoza elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), aliyesimamia upande wa mafunzo.

Asili ya Notcutt inastahili kutazamwa kwa makini. Kabla ya hapo alikuwa meneja wa mashamba ya mkonge, na mwaka 1926 alianza kufikiria kwamba kuwa na sinema shambani kungesaidia kuwafanya vibarua waridhike na kubaki kazini. Hakulificha jambo hilo. Aliliandika mwenyewe katika ripoti ya jaribio. Kwa hiyo, kabla sinema haijafikiriwa kuwa shule ya mkulima, ilikuwa imefikiriwa kuwa kitulizo cha kibarua. Sisemi kwamba Vugiri ilikuwa hila. Naamini watu wale walitaka kwa dhati watoto wasife kwa malaria. Ninachosisitiza ni kwamba nia njema na maslahi ya mwajiri vilikaa meza moja tangu siku ya kwanza, na mwanafunzi anayeweza kuviona vyote viwili kwa pamoja ameshapiga hatua kubwa katika kuisoma historia ya ukoloni.

Kwa miaka hiyo michache Vugiri ilitoa filamu fupi zipatazo 35. Zilipigwa kwa mkanda wa milimita 16, mwembamba na wa bei nafuu kuliko ule wa majumba ya sinema, na kwa kuwa kuweka sauti juu ya mkanda kulikuwa ghali, maelezo yalirekodiwa kwenye santuri zilizopigwa sambamba na picha. Njia hiyo ilikuwa na faida yake, kwani filamu ileile iliweza kupelekwa kwa watu wa lugha tofauti kwa kubadilisha santuri tu. Waigizaji walikuwa wenyeji. Filamu moja ilihusu benki ya akiba ya posta: mtu mmoja anafukia fedha zake ardhini na mwizi anazichukua, ilhali mwenzake aliyeziweka posta anazikuta salama. Nyingine zilihusu safura, malaria ya watoto wachanga, kodi, mmomonyoko wa udongo, na kilimo na uuzaji wa mazao, kahawa ikiwamo. Lori lilizitembeza Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini. Fedha za Carnegie zilipokwisha, serikali za makoloni hazikukubali kuendelea kulipa, na kazi ikafungwa. Filamu chache mno ndizo zilizosalia, mojawapo ikiwa ile ya mradi wa mashamba ya wakulima huko Kingolwira, karibu na Morogoro.

Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939, London iliunda Kitengo cha Filamu za Makoloni, kwanza kwa ajili ya kuwaeleza watu wa makoloni kwa nini wajitolee katika vita vya Uingereza. Kiongozi wake, William Sellers, alikuwa ametumia filamu katika kazi ya afya nchini Nigeria. Sellers alishika nadharia iliyotawala kazi hiyo kwa miaka mingi: kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata sinema ya kawaida, hivyo picha iende polepole, kamera isirukeruke, kitu kisionyeshwe ghafla kwa karibu, na hadithi isirudi nyuma wala kuruka mbele. Hadithi iliyotumiwa kuthibitisha nadharia hiyo ni ya daktari aliyeonyesha mbu aliyekuzwa hadi kujaa kitambaa chote, na wanakijiji wakajibu kwamba wao hawana shida, kwa kuwa mbu wa kwao si wakubwa kiasi kile. Maofisa waliisimulia hadithi hiyo katika koloni moja baada ya jingine, kila mmoja akiipeleka mahali pake, na kuenea huko peke yake kunatosha kutufanya tuitilie shaka. Wakati huohuo watu wa mijini walikuwa wakijaza majumba ya sinema kutazama filamu za Kihindi na za wapanda farasi wa Kimarekani, zilizokwenda kasi bila kuwashinda. Sellers mwenyewe alijua kwamba Charlie Chaplin huwachekesha watu kila mahali. Nadharia ya mtazamaji asiyeelewa ilikuwa batili, na iliumiza, kwa sababu ilizifanya filamu nyingi za serikali ziwe za kuchosha, kisha uchovu wa watazamaji ukachukuliwa kuwa ushahidi wa upungufu wa akili zao.

Kuhusu jinsi maonyesho yalivyokwenda, wazee waliowasimulia wanafunzi wako wanajua kuliko nyaraka, lakini nieleze mambo machache ya kiufundi yatakayowasaidia kuuliza vizuri zaidi. Gari lilifika mchana na kuzunguka likitangaza kwa kipaza sauti. Kitambaa cheupe kilifungwa kati ya nguzo mbili au ubavuni mwa jengo, na jenereta ikawekwa mbali, waya mrefu ukivutwa, ili mngurumo wake usimeze sauti. Riili moja ya futi 400 ya mkanda wa milimita 16 huchukua dakika 11 hivi kwa mwendo wa filamu yenye sauti, kwa hiyo kila baada ya muda mfupi projekta ilisimama ili riili ibadilishwe, na hapo ndipo bwana shamba, bwana afya au bwana maendeleo alipopata nafasi ya kuzungumza. Filamu ilipokuwa ya Kiingereza, au Kiswahili chake kikiwa kigeni kwa wazee wa wakati huo, alisimama mtu na kipaza sauti akaieleza kwa lugha ya watu wa pale. Waulizeni wazee habari za huyo msimulizi. Aliyekaa London hakuwa na njia ya kujua yule kijana alisema nini kwa Kimachame au kwa Kimeru pale uwanjani, kama alitafsiri maneno ya serikali au alitia ya kwake. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu tajiri kuliko zote za historia hii, na imehifadhiwa vichwani mwa watu tu. Filamu ya kuchekesha iliwekwa mwishoni ili watu wasiondoke kabla ya mafunzo, jambo linaloonyesha kwamba watazamaji walikuwa na hiari yao na serikali ililijua hilo.

Sasa turudi kwenye yale yaliyoachwa nje ya picha. Miaka ileile Vugiri ikifundisha kilimo bora na uuzaji wa mazao, Uchagani kulikuwa na mgogoro mkali. Chama Kikuu cha Ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilikuwa kimeundwa mwaka 1933, na wakulima walilazimishwa kuuza kahawa yao kupitia huko. Wengi hawakuridhika na bei wala na kunyimwa hiari ya kuchagua mnunuzi, na mwaka 1937 hasira hizo zilizuka kuwa ghasia ambazo serikali ilizizima kwa nguvu. Filamu iliweza kumfundisha mkulima kutunza mkahawa, na mafundisho yake yakawa sahihi kabisa. Suala la nani apange bei ya kahawa hiyo halikuwa la kuwekwa mbele ya umma kwa fedha za serikali.

Ukivuka kuja upande wa Arusha, mfano ni mzito zaidi. Vugiri ilikuwa imetengeneza filamu kuhusu mmomonyoko wa udongo, na baada ya vita ujumbe wa hifadhi ya ardhi ulisukumwa makoloni yote kwa kila chombo kilichokuwapo. Katika ujumbe huo mkulima na mfugaji ndio waliotakiwa kujirekebisha: walime kwa kukinga maji, wapunguze mifugo, wasikate miti. Mwishoni mwa 1951 serikali hiyohiyo iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa, ili ardhi hiyo wapewe wafugaji wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, msemaji wa Wameru, alisafiri hadi New York kuueleza Umoja wa Mataifa kesi hiyo. Hebu wanafunzi wako wajiulize: watu walipokuwa wakinyang'anywa malisho na kusongamana katika ardhi iliyobaki, nani aliusababisha mmomonyoko? Lorentz aliweza, kwa kiasi fulani, kuligusa swali la namna hiyo kwa fedha za serikali yake, kwa kuwa wakulima wale walikuwa wapiga kura. Mmeru wa 1951 hakuwa na kura.

Kabla ya uhuru kuna jambo moja zaidi linalowashangaza wanafunzi kila ninapolieleza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika iliiajiri kampuni ya filamu ya Afrika Kusini kutengeneza sinema za Kiswahili. Zilikuwa za kuigiza, zenye mafunzo ndani yake, na katika ile ya Muhogo Mchungu mwigizaji mkuu alikuwa kijana wa idara ya maendeleo ya jamii aitwaye Rashidi Kawawa. Kijana huyo aliwahi pia kuzunguka na gari la sinema akiwahimiza watu wajifunze kusoma. Mwaka 1955 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1962 Waziri Mkuu wa Tanganyika huru. Sidhani kama ilikuwa bahati tu kwamba mtu aliyekuwa amesimama mbele ya watu wa wilaya nyingi, akajua wanacheka wapi na wananyamaza wapi, alikuja kuwa mwanasiasa wa kutegemewa. Serikali ya kikoloni ilimlipa kwa kazi moja, naye akajifunza nyingine.

Baada ya uhuru vyombo vilibadilika wamiliki, na muundo ukabaki karibu uleule. Kitengo cha filamu cha serikali kiliundwa mwaka 1963 chini ya wizara ya habari, Kampuni ya Filamu Tanzania ikafuata mwaka 1968, na Taasisi ya Filamu na Picha, iliyoanzishwa kwa msaada wa Denmark, mwaka 1974. Magari yaliendelea kuzunguka, sasa yakihimiza ujamaa, kisomo cha watu wazima na afya. Fedha za kigeni za kununulia mkanda na kuusafisha zilikuwa haba siku zote, na kampeni kubwa za miaka hiyo, kama ile ya Mtu ni Afya ya 1973, ziliegemea redio na vikundi vya kusikiliza. Filamu za kipindi hiki zisomwe kwa kipimo kilekile cha zile za Vugiri. Mwalimu anayewafundisha vijana kuutilia shaka mkono wa mkoloni, kisha akaacha mkono wa serikali yetu upite bila kuulizwa, hasa katika picha zinazohusu Operesheni Vijiji, yaani uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa, atakuwa amefundisha nusu ya somo. Kuanzia 1994 televisheni za binafsi zilipoanza Bara, mahitaji ya gari la sinema yalipungua haraka.

Kuhusu matumizi ya darasani, mwaka 2010 taasisi za kumbukumbu za Uingereza zilizindua katalogi ya mtandaoni ya filamu za kikoloni. Inaorodhesha maelfu ya filamu pamoja na maelezo ya wanahistoria, na baadhi yake zinaweza kutazamwa bila malipo. Ushauri wangu ni kuchagua filamu moja fupi, isizidi dakika 10, na kuionyesha kwanza bila sauti. Wanafunzi waandike kila wanachokiona: nani anafanya kazi, nani anaelekeza, nani amevaa viatu, wanawake wanaonekana wakati gani. Kisha ionyeshwe pamoja na sauti, na wabainishe mahali ambapo maneno yanadai kitu ambacho picha haikionyeshi. Hatua ya tatu, ambayo haifai kuachwa hata muda ukibana, ni kutafuta mwaka wa filamu hiyo na kuchunguza ni nini kilikuwa kikitokea mahali hapo mwaka huo. Kwa darasa la Moshi mwaka 1937 unatosha kwa vipindi viwili.

Ombi langu ni hili. Wanafunzi wako wanapoendelea kuwahoji wazee wa Kibosho, Marangu, Rombo na kwingineko, waulize pia kama kuna makopo ya bati ya mviringo yaliyobaki katika stoo za vyama vya msingi vya ushirika, misheni au ofisi za kata. Mkanda wa zamani wa milimita 16 ukikaa kwenye joto na unyevu huoza na kutoa asidi, na mtu akifungua kopo hupigwa na harufu kali ya siki. Ukifika hapo husinyaa na kukakamaa, na projekta itaukata. Kopo la namna hiyo lisichezeshwe kwenye mashine yoyote, wala mkanda usioshwe au kunyooshwa kwa mkono. Liwekwe mahali pakavu na penye ubaridi, mbali na makopo mengine kwa sababu mvuke wa asidi huharakisha kuoza kwa mikanda ya jirani, maandishi yote ya juu ya kopo yanakiliwe kama yalivyo, na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ijulishwe kabla mtu yeyote hajaamua kusafisha stoo.